Ugoro, kuberi na tambuu: mmeuliza, tunajibu

Mama yangu ana miaka 70, ananusa ugoro tangu ujana. Anasema hauna moshi, basi hauna madhara. Ni kweli?

Moshi haupo, lakini tumbaku ni ileile. Nimelelewa na bibi aliyesaga ugoro wake mwenyewe, akauchanganya na magadi. Aligonga kikopo kwa kidole, akachota kidogo, akavuta, akapiga chafya huku machozi yakimtoka. Magadi yale ndiyo yanayoifanya nikotini, kile kilevi cha tumbaku kinachomfanya mtu ashindwe kuacha, iachane na tumbaku na kupenya upesi kwenye ngozi laini ya pua au mdomo hadi kwenye damu. Ndiyo maana kikopo kikiisha asubuhi, nyumba nzima tulijua. Na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameshathibitisha kwamba tumbaku isiyovutwa kwa moshi husababisha saratani ya mdomo, umio na kongosho. Mama yako mweleze kwa upole, lakini mweleze.

Nabwia kuberi, ile tumbaku ya vipakiti, naibana kwenye mdomo wa chini. Pale ninapoiweka pameota weupe, ila hapaumi. Nisubiri?

Usisubiri, ndugu yangu. Saratani ya mdomo mwanzoni mara nyingi haiumi. Baka jeupe au jekundu, au kidonda kilichopitisha wiki mbili bila kupona, kionwe na daktari wa meno. Tafadhali nenda wiki hii, na kuberi uache leo.

Nina mimba ya miezi minne. Nikitoa tumbaku kwenye tambuu, lile jani la kutafuna, nikabaki na popoo, ile kokwa ngumu inayofungwa ndani yake, na chokaa, ni sawa?

Utafanya vyema kuitoa: tumbaku huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti, na uzito mdogo, hata kuzaliwa mfu. Lakini popoo nayo peke yake husababisha saratani. Weka kijaluba cha tambuu kando kabisa, mama.

Jino likiuma natia ugoro.

Jino linaendelea kuoza chini ya huo ugoro. Likazibwe au likang'olewe.

Nimejaribu kuacha mara tatu, siku ya pili nashindwa.

Siku tatu za kwanza ndizo kali kuliko zote. Baada ya wiki mbili hadi nne mwili hutulia. Hamu ikija, hupita ndani ya dakika chache: kunywa maji, tafuna karanga au kipande cha mdalasini, toka nje utembee. Kikopo usikifiche kabatini. Kitupe, pamoja na kile kipakiti kilichobaki mfukoni mwa koti.