Kuombea kanisa jirani "likauke": je, huo ni wivu wa Mungu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Karibu na kanisa letu limefunguliwa kanisa jingine, na nusu ya vijana wa kwaya wamehamia huko, binti yangu akiwemo. Mchungaji wetu ametangaza mfungo wa siku saba ili kanisa lile "likauke". Anasema huo ni wivu wa Mungu, kama Paulo alivyowaonea Wakorintho. Wiki iliyopita upepo umelichana turubai lao. Niliposikia nilifurahi, lakini usiku usingizi ulikataa. Je, nimetenda dhambi? Na nikikataa kufunga, nitakuwa nimemwasi mtumishi wa Mungu?

JIBU: Mama, asante kwa kutoificha furaha ile. Wengi wetu tungeipa jina zuri tukalala. Ndiyo, ilikuwa dhambi. Itubu mbele za Bwana, kisha usiibebe tena. Ila kilichoniumiza zaidi katika barua yako ni hilo fundisho la mfungo.

Andiko lenyewe ni 2 Wakorintho 11:2: "Maana nawaonea wivu, wivu wa Mungu, kwa kuwa naliwaposea mume mmoja, ili nimletee Kristo bikira safi." Lisome mpaka mwisho. Paulo hapo ni mshenga. Amepeleka posa, na sasa anamlinda bibi arusi asije akadanganywa kabla ya kukabidhiwa kwa mwenyewe. Wivu wake wote ni kwa ajili ya bwana arusi. Mshenga akinuna kwa sababu bibi arusi kasindikizwa na mshenga mwingine kwa bwana arusi yuleyule, basi huyo anamtaka awe wake. Jina la kitu hicho ni husuda. Katika Wagalatia 5:21 husuda na ulevi zimeandikwa bega kwa bega, lakini sisi mlevi tunamtenga, na mwenye husuda tunamkabidhi kipaza sauti.

Yohana Mbatizaji yalimpata hayohayo. Wanafunzi wake walimjia wakilalamika kwamba watu wote sasa wanamwendea Yesu. Tena wawili wa kwake, Andrea mmojawapo, walikuwa wamekwisha kumfuata Yesu, na aliyewaonyesha ni Yohana mwenyewe! Hakuitisha mfungo. Alisema yeye ni rafiki wa bwana arusi, na furaha yake imetimia kwa kuisikia sauti ya bwana arusi.

Mtu atasema, "Lakini wale wanaiba kondoo." Wapo wafanyao hivyo, na ni vibaya, Paulo mwenyewe hakutaka kujenga juu ya msingi wa mtu mwingine. Na kama wanahubiri injili nyingine, waonywe kwa Maandiko, mchana kweupe. Kupima mafundisho ni wajibu wetu. Kuomba Mungu aangamize ibada anayotolewa Kristo, ruhusa hiyo mchungaji wako kaitoa wapi? Paulo akiwa kifungoni alijua kuna wanaomhubiri Kristo kwa husuda na fitina, wakikusudia kumwongezea dhiki. Akaandika kwamba maadamu Kristo anahubiriwa, anafurahi.

Kwa hiyo usiufunge mfungo huo. Hujamwasi Mungu.

Nami ugonjwa huu nimeuugua. Kuna miaka nilikuwa nikitoka ibadani napita makusudi kanisa la jirani, nahesabu vichwa dirishani. Vikizidi vyetu, chakula cha mchana hakishuki. Kilichonitibu ni kumwombea mchungaji yule kwa jina lake kila asubuhi, kwa kinywa. Wiki za kwanza maneno yalinikwama kooni. Nawe anza hivyo.

Mwendee mchungaji wako ukiwa peke yako, kama binti kwa baba. Usimtangaze kwa akina mama wenzako, wala usihame kwa hasira. Huenda naye ameumia: kumlea kijana tangu shule ya Jumapili, kumbatiza, kisha anaondoka bila hata kuaga, si jambo dogo. Mpe nafasi alieleze hilo kabla hujamfungulia Biblia.

Turubai lile, ukiwa na chochote, changia kimyakimya. Na Jumapili binti yako akirudi nyumbani, usimuulize walikuwa wangapi. Muulize wameimba wimbo gani, na ukiujua, muimbe wote wawili.