Maswali ya Krismasi: nyota zilizofura, biskuti za sufuria na gundi ya unga

Tulikanda unga wa chumvi, tukakata nyota na malaika, tukatia kwenye oveni. Vimetoka vimefura kama maandazi na vingine vimepasuka. Tulikosea wapi? (Mama wa wawili, Umoja)

Kwanza angalia pakiti ya unga. Kama ni ule uliotiwa beking poda kiwandani, lazima ufure. Mapambo yanataka unga wa ngano wa kawaida, ule wa chapati. Kama ulitumia huo, basi moto ulizidi: maji ya ndani yaligeuka mvuke kabla ya kupata njia ya kutoka, yakainua ngozi ya juu. Kupasuka nako kunatokana na hilohilo, maana juu pamekauka na kunywea wakati katikati bado pabichi.

Changanya vikombe 2 vya unga na kikombe 1 cha chumvi laini (ya mawe huacha vishimo), kisha maji robo tatu ya kikombe, kidogo kidogo. Usimwachie mtoto jagi, kwani hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Kanda kama dakika 8 hadi usinate mkononi. Sukuma uwe unene wa nusu sentimita, kata maumbo, na toboa tundu la uzi kwa mrija papo hapo, mbali kidogo na ukingo. Ukingoja vikauke, vitavunjika.

Oveni iwe nyuzi 100, saa 2 hadi 3, ukigeuza katikati. Bila oveni, panga juu ya waya penye jua na hewa kwa siku 3 au 4, ukigeuza asubuhi na jioni. Mvua za vuli huweza kuingia Desemba, kwa hiyo jioni ingiza ndani. Paka rangi nzito isiyo na maji mengi, ikauke, halafu vanishi tabaka mbili nyembamba, mbele, nyuma na ndani ya tundu. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na pambo lisilo na vanishi hulegea na kudondoka kwenye uzi. Kazi ya vanishi ni ya mtu mzima, madirisha yakiwa wazi.

Kama mna mbwa, yatundikeni juu. Chumvi kiasi hicho inaweza kumuua.

Sina oveni, nina meko ya gesi tu. Biskuti zitawezekana? (Kayole)

Zitawezekana, bora usiharakishe moto. Chukua sufuria nzito ya alumini. Isiyonata usiitumie, kwani kuiunguza tupu huharibu ule utando wake. Mwaga chumvi au mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 2, weka stendi fupi ya chuma juu yake, funika, na upashe moto dakika 10. Mfuniko wa kioo unaweza kupasuka, tumia wa bati.

Donge lenyewe ni rahisi kukumbuka: sukari gramu 50, siagi 100, unga 150, na nusu kijiko cha chai cha iliki. Piga siagi na sukari, tia unga, acha mahali pa baridi nusu saa. Sukuma unene wa nusu sentimita na mtoto akate kwa kikombe kidogo au kifuniko safi cha chupa. Asionje donge bichi, maana unga haujapikwa. Panga kwenye sahani ya bati, weka juu ya stendi, funika, moto mdogo kabisa, dakika 15 hadi 20. Usifunuefunue.

Juu zitabaki nyeupe kwa sababu moto unatoka chini peke yake. Chungulia chini ya biskuti: kingo zikianza kuwa kahawia, toa. Zitakuwa laini kidogo, acha zipoe ndipo zikazike. Zikitambaa na kuungana, mara nyingi ni majarini ya kupaka mkate, ambayo baadhi yake ina maji mengi. Tafuta ya kuokea au siagi halisi.

Na kama unafuata vipimo vya mapishi ya nchi za pwani au ng'ambo vyenye beking poda, punguza robo. Nairobi iko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na donge huumuka haraka kisha likaanguka.

Mwanangu ana miaka mitatu. Nimpe makasi? (South B)

Mpe yenye ncha butu, ukiwa umekaa naye. Umri huo hukata vipande vifupi tu. Kufuata mstari huja baadaye. Kwa mnyororo wa karatasi, kata wewe na agundishe yeye. Karatasi ya A4 ikikatwa kwa upana wake hutoa vipande 9 vya sentimita 3. Karatasi mbili hutosha mnyororo wa kama mita moja.

Gundi ya dukani imeisha siku ya pili. Ya unga inapikwaje? (Lang'ata)

Koroga vijiko 4 vya kulia vya unga na robo kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha mimina ndani ya robo tatu ya kikombe ya maji yanayochemka ukikoroga. Dakika 2 zatosha. Ikiwa nyepesi kama uji wa kunywa, italowesha karatasi na mnyororo utakatika. Ndani ya siku 2 itachacha, na mende wanaipenda kuliko watoto.

Kitamu cha haraka kisichohitaji moto? (Kawangware)

Ponda gramu 250 za biskuti za chai ndani ya kitambaa safi, tia vijiko 3 vya kulia vya kakao, halafu robo tatu ya kopo la maziwa mazito matamu la gramu 397. Ongeza yaliyobaki ikiwa bado inamomonyoka tu. Viringa vidonge, gaagaza kwenye nazi kavu iliyosagwa, poza saa moja. Mikono ikinata, ilowesheni kidogo. Karanga nzima msiwape walio chini ya miaka mitano, huwakaba.

Rangi za kupambia biskuti bila kununua za chupa? (Umoja)

Gramu 100 za sukari ya unga zinataka vijiko 3 vya chai vya maji tu. Badala ya maji, tumia maji ya bitiruti iliyokunwa na kukamuliwa kwa waridi, au tia chembe ya manjano kwa njano. Paka biskuti zikiwa baridi kabisa, la sivyo sukari hutiririka. Bitiruti usiitie ndani ya donge: ikiokwa hugeuka hudhurungi. Na unga unaometameta wa kazi za karatasi hauliwi, hata pakiti ikisema hauna sumu.