Jina la biashara tumeshasajili, kampuni ya nini tena?

SWALI: Dada pole na kazi. Mimi na rafiki yangu tunashona mabegi, mi ndo fundi, yeye ndo katoa hela ya cherehani mbili na anatafuta wateja. Jina la biashara tumeshasajili. Sasa tumepata oda kubwa ya mabegi ya shule, inabidi tukope vitambaa, mtu mmoja anasema tufungue kampuni ya limitedi ndo tutakuwa salama, mwingine anasema ni kupoteza hela tubaki hivi hivi. Tushike lipi? Hatujaandikiana chochote, tunaaminiana.

JIBU: Mdogo wangu hongera kwa oda. Nianze na hilo jina maana wengi linawachanganya. Kusajili jina siyo kufungua kampuni, jina ni jina tu, wadaiwa bado ni nyie wawili. Na kwa vile mnafanya pamoja na faida mnagawana, sheria za nchi nyingi zinawahesabu tayari ni wabia hata kama hamjasaini karatasi yoyote. Ubia wa hivyo una kitu kinauma: mwenzio akichukua vitambaa kwa mkopo wa biashara mkashindwa kulipa, mwenye vitambaa anaweza kukufuata wewe peke yako akadai deni lote, siyo nusu, mpaka vitu vyako vya ndani, halafu wewe ndo uanze kumtafuta mwenzio akurudishie.

Kampuni ni tofauti, kisheria ni mtu mwingine kabisa, ina mali yake na madeni yake. Hili liliwekwa wazi Uingereza mwaka 1896 kwenye kesi ya Salomon, mtengeneza viatu aliyeiuzia kampuni biashara yake, hisa karibu zote zake, mkewe na watoto watano wana moja moja. Kampuni ikafilisika, wadai wakataka alipe yeye, mahakama ya juu kabisa ikasema hapana, deni ni la kampuni.

Ila usidhani ukishakuwa mkurugenzi umepona. Mkopeshaji akikuletea fomu ya dhamana, yaani kampuni ikishindwa utalipa wewe, ukasaini kwa jina lako mwenyewe, ile kinga umeshaitoa kwa mkono wako, kwa hiyo soma kabla ya kusaini. Na hela ya kampuni siyo ya kwako, ukilipia nayo kodi ya nyumba bila maandishi unajitafutia matatizo. Halafu kuna kuandaa mahesabu na kupeleka taarifa kwa msajili wa makampuni kila mwaka, hata mwaka ambao hamkuuza kitu, na hiyo ni gharama kweli, huyo wa pili hajakosea sana.

Mi ningeanza na kuandikiana, tena wiki hii. Zile cherehani mbili, alizitoa kama mtaji au aliikopesha biashara? Muulize leo mkiwa bado mnacheka, maana siku mkigombana yeye atasema ni zake anaondoka nazo, wewe utasema ni za biashara, na wote mtakuwa mnaamini mnachosema. Andikeni pia nani anaruhusiwa kukopa na mwisho kiasi gani, wewe unayeshona kutwa nzima unalipwa kwanza au unasubiri faida, na mmoja akitaka kutoka, au akifariki, inakuwaje, kwa sababu sehemu nyingi mbia akifa ubia unavunjika palepale kama hamkukubaliana vingine.

Kuhusu oda, piga hesabu ya vitambaa tu. Kama mkikwama deni mtaweza kulilipa kidogo kidogo kwa kushona, endeleeni na ubia wenye maandishi, kampuni itakuja baadaye. Kama ni deni la kuwauzia mpaka kitanda, fungueni kampuni, lakini isajiliwe KABLA hamjasaini mkataba wa oda na wa vitambaa, na saini ziwe kwa jina la kampuni, maana mkataba mliosaini kampuni haijazaliwa kwa kawaida unawabana nyie wenyewe, hata kama cheti kimetoka kesho yake asubuhi.