Kwa nini kibao ni cha Kiswahili

Ndugu, umeuliza kwa nini kibao cha njia ya mzee bustanini ni cha Kiswahili, wakati mji wetu mzima una mabango ya Kiingereza. Mzee alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki! Waganda, Wakenya, Watanganyika na Wanyasa (Wamalawi wa leo) wa jeshi lile waliamriwa kwa Kiswahili, na ndicho walichovuka nacho mto Chindwin kule Burma, Desemba 1944. Utotoni tulimwogopa: akipaza “nyuma geuka!” hata mbuzi waligeuka. Kibao alikipaka rangi mjukuu wake, ndiyo maana ile “a” ya Keya imebanwa ukingoni mwa ubao. Mimi ninalolalamikia ni benchi. Pale kwenye mwinuko alipozoea kupumzika, hakuna hata gogo.