Jibu: Kalamu ya maelfu ya nini na biro ipo?

Ndugu, unauliza kalamu ya wino (fountain pen) ya maelfu ya shilingi ni ya nini, na unasema biro ya dukani inaandika vilevile. Haiandiki vilevile! Wino wa biro ni mzito, lazima ukandamize kidogo. Kalamu ya wino haitaki nguvu: wino hufuata ufa mwembamba katikati ya ncha, na mkono unateleza tu. Andika kumbukumbu za mkutano mzima uone kama vidole vitauma.

Ya kuanzia, mimi ningechukua Lamy Safari. Ncha ikiharibika unaichomoa na kuweka nyingine. Parker Jotter, ya tangu 1954, pia inapendeza mfukoni, ingawa ile ya kawaida ni biro. Mjini usikimbilie bei ya kutupa, bandia ni nyingi. Daftari liwe na karatasi nzito, la sivyo wino utatokea upande wa pili. Na mtu akikuomba kalamu benki, mpe biro, asije akaikandamiza ncha yako.