Mama wa Ubatizo Si Mlipa Karo

Msomaji mmoja wa Malaba ameniandikia. Binamu yake amemwomba awe mama wa ubatizo wa mtoto wake, naye anaogopa kukubali kwa kuwa hana kazi. "Dada, huyo mtoto nitampa nini mimi?"

Swali hilo limenigusa penye kidonda, kwa hiyo nivumilieni.

Nina mtoto wa ubatizo hapa Tororo. Nilimpakata akiwa mchanga, analia mpaka shingo imekuwa nyekundu. Mshumaa wake ulipowashwa kutoka kwenye mshumaa wa Pasaka, nta ikanidondokea kidoleni, nikakaza mkono usije ukazimika. Nilichoahidi pale ni kuwasaidia wazazi wake wamlee katika imani. Karo haikutajwa. Ishara ya msalaba alijifunza kwangu, Salamu Maria vilevile. Malaria ilipomlaza hospitalini, nililala chini ya kitanda chake ili mama yake asifunge kibanda sokoni.

Kipaimara kilipofika, ile sakramenti inayomwimarisha aliyebatizwa, wazazi wakamchagua mfanyabiashara kutoka Kampala awe msimamizi wake, yaani wa kusimama naye kama nilivyosimama mimi kwenye ubatizo. Niliambiwa kwa simu, siku zimeshabaki chache. Nilikwenda hata hivyo. Askofu alipompaka krisma, mafuta matakatifu, kwenye paji la uso, mkono uliokuwa begani mwake ulikuwa wa mtu ambaye hata jina la shule ya mtoto halijui. Linaniuma mpaka leo, sitaficha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 893, inasema inafaa msimamizi wa kipaimara awe yuleyule wa ubatizo. Inafaa tu, hailazimishi, kwa hiyo sikuwa na pa kushtaki.

Wazazi wenzangu, mbona tunachagua wasimamizi kwa kuangalia gari? Someni kanuni ya 874: awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, amepata kipaimara na Ekaristi, maisha yake yanalingana na imani, na asiwe baba wala mama mzazi. Mfuko wake haumo. Tena msimamizi mmoja anatosha, mwanamume au mwanamke. Si lazima mkusanye ukoo mzima wa matajiri.

Kila tarehe 3 Juni tunajazana Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, waliouawa kwa ajili ya imani. Basi tukumbuke mmoja wao, Karoli Lwanga, alivyombatiza Kizito kule Munyonyo mwaka 1886, kijana mdogo kuliko wote, hukumu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ikiwa mlangoni. Lwanga alikuwa na nini cha kumpa? Alibaki naye. Wote wawili wakafia Namugongo, siku moja.

Dada yangu wa Malaba, kubali. Mwombee mtoto kila siku. Mtembelee. Ukikosa nauli, mpigie simu umsikilize, halafu umwombee tena. Akifika ule umri wa kuficha mambo nyumbani, awe na mtu mzima mmoja wa kumweleza bila kuogopa fimbo, na mtu huyo awe wewe. Zawadi ya Krismasi ukiipata, mpe. Ukiikosa, nenda ukamwone mikono mitupu.

Ila zungumza na binamu yako sasa, mumewe akiwepo, uwaambie wazi kwamba karo huna. Wakinuna, afadhali wanune leo kuliko mtoto akiwa mkubwa. Wakikubali, nenda kwa katekista, mwalimu wa dini wa parokia yao, uulize mafundisho ya wasimamizi yanaanza lini, na utafute cheti chako cha kipaimara mapema, maana huenda wakakihitaji.