Idadi ya mbegu za kiume ni nzuri, lakini viinitete vinagota siku ya tatu

Ndugu, umeandika kwamba cheti cha maabara kinaonyesha mbegu milioni 60 kwa mililita, na kwa kuwa viinitete vyenu (mimba changa kabisa) vilivyotungwa nje ya mwili viligota, yaani viliacha kukua, siku ya tatu, nyote mmeshaamini kwamba kasoro ni ya mkeo. Nakusihi usimtwishe mzigo huo mapema. Mimi nilimtwisha wangu kwa miaka miwili, na hadi leo inaniuma.

Cheti changu nacho kilikuwa safi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini kwenye mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 30 ziwe zinakwenda mbele na asilimia 4 ziwe na umbo la kawaida, nami nilivuka yote. Hata hivyo kipimo hicho huangalia idadi, mwendo na umbo tu. Hakionyeshi kama DNA, yaani vinasaba vya urithi, iliyomo kichwani mwa mbegu ni nzima au imekatika vipande. Nilionyeshwa picha za kiinitete chetu: siku ya tatu kilikuwa na seli 8 zilizojaa vizuri, na siku ya tano zilikuwa zile zile, zimesinyaa. Daktari alinifafanulia kwamba mwanzoni kiinitete huishi kwa akiba ya yai, kisha vinasaba vyake chenyewe, vikiwemo vya baba, huanza kazi hasa kinapokuwa na seli 4 hadi 8, na hapo ndipo kasoro ya DNA ya baba yaweza kujitokeza. Yai hukarabati sehemu ya uharibifu uliotoka kwa mbegu, lakini uwezo huo una kikomo na hupungua kadiri umri wa mama unavyosonga. Haki isemwe pia: yai lenyewe laweza kusababisha mkwamo wa siku hiyo hiyo, ndiyo maana ni lazima mpimwe wote wawili.

Kipimo cha DNA ya mbegu kilionyesha uharibifu mkubwa. Daktari alinisimamisha, akanipapasa korodani, akakuta mishipa iliyovimba upande wa kushoto, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitafuta. Nilifanyiwa upasuaji na nikaacha sigara. (Kama unachoma sindano za testosteroni, homoni ya kiume, mweleze daktari, kwani huzuia mwili kutengeneza mbegu.) Utengenezaji wa mbegu huchukua takriban siku 74, na bado huhitaji muda wa kukomaa, hivyo usirudie kipimo kabla ya miezi mitatu. Changu nilikirudia mwezi wa nne, uharibifu ukiwa umeshuka sana, na karatasi ya majibu nilimkabidhi mke wangu aisome kabla yangu.